Kumweleza Mzazi Usaidizi wa Kiingereza katika Shule ya Upili: Mfano wa Mwanda, Taita

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja ambalo limekaa kando katika mijadala ya wanaisimu na walimu wa lugha nchini Kenya: namna ya kumweleza mzazi kwa nini mwanawe anahitaji kusaidiwa lugha ya Kiingereza akiwa tayari katika shule ya upili, usaidizi huo ni nini, na yeye mzazi ana nafasi gani ndani yake. Mfano uliochaguliwa ni Mwanda, katika milima ya Taita, wadi ya Mwanda/Mgange, eneo la Wundanyi, Kaunti ya Taita Taveta.

Mzazi wa Mwanda akiambiwa kwamba mwanawe ametiwa katika kundi la kusaidiwa Kiingereza, anaweza kulifasiri jambo hilo kwa njia mbili zilizo karibu naye. Ya kwanza ni kwamba mtoto ni mzito wa akili. Ya pili ni kwamba shule imebuni njia nyingine ya kutoza fedha. Fasiri zote mbili zaweza kuwa za makosa, lakini hazitokani na ujinga. Zinatokana na maneno yenyewe. Neno "rimidio", kama litumikavyo shuleni, hufungamana na mwanafunzi aliyeshindwa. Neno "tuisheni" hufungamana na malipo. Kama shule haina neno la tatu, mzazi hana budi kuchagua moja kati ya hayo mawili, na lolote atakalolichagua litamdhuru mtoto.

Kwa hiyo suala hili ni la lugha mara mbili. Ni la lugha anayofundishwa mtoto, na ni la lugha anayoelezwa mzazi. Makala haya yatatazama kwanza hali ya lugha katika Mwanda, kisha historia ya lugha ya kufundishia, kisha matatizo yenyewe ya mwanafunzi, na hatimaye maelezo yanayomfaa mzazi.

Hali ya Lugha katika Mwanda

Mwenyeji wa Mwanda huzungumza Kidawida, ambacho waandishi wengine hukiita Kitaita. Katika uainishaji wa Guthrie lugha hii imo katika kundi la E74, pamoja na Kisaghala kinachozungumzwa katika mlima wa Sagalla karibu na Voi. Kidawida chenyewe kina lahaja kadhaa, na usemi wa Mwanda ni mmojawapo.

Kiswahili si kigeni katika milima hii. Njia za misafara kutoka pwani zilipita katika nchi ya Wataita kabla ya utawala wa Waingereza. Johannes Rebmann alizifuata mwaka 1848 alipokwenda kuuona Kilimanjaro. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Voi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na mashamba ya mkonge yalipofunguliwa katika nchi tambarare, vijana wengi wa milimani waliteremka kutafuta kazi Voi, Mwatate na Mombasa. Kiswahili walikirudisha nyumbani pamoja na mshahara. Hata hivyo yafaa itofautishwe kati ya Kiswahili cha kazi na soko, ambacho watu wengi wanacho, na Kiswahili cha kitabu, ambacho hupatikana darasani tu.

Kiingereza kina nafasi ya tatu. Katika Mwanda si lugha ya nyumbani, si lugha ya shambani, wala si lugha ya sokoni. Mtoto hukisikia redioni na katika simu, lakini mahali pa kukisema ni shule. Huu ndio msingi wa hoja nzima: mwanafunzi wa Mwanda hujifunza Kiingereza, na papo hapo hujifunza kwa Kiingereza, hali nje ya ua la shule hana wa kusema naye.

Inafaa pia kumlinganisha mtoto wa Mwanda na mtoto wa mjini Voi. Sera ya elimu husema kwamba katika madarasa ya chini mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Katika Mwanda lugha hiyo ni Kidawida. Katika mji wa Voi, ambao una watu wa makabila mengi, ni Kiswahili. Watoto wawili wa ndugu wawili, mmoja aliyebaki mlimani na mwingine aliyelelewa mjini, waweza kukutana katika darasa moja la shule ya bweni. Wote wawili ni Wataita, na alama zao zaweza kulingana. Lakini mmoja amevuka daraja mbili, kutoka Kidawida hadi Kiswahili na kutoka Kiswahili hadi Kiingereza. Mwenzake amevuka moja. Usaidizi unaomfaa mmoja hauwi lazima unamfaa mwingine.

Historia Fupi ya Lugha ya Kufundishia

Mzazi huzungumza juu ya shule kwa kukumbuka shule aliyosoma yeye. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kueleweka yampasa ajue kwamba sera ya lugha nchini Kenya imebadilika mara kadhaa, na kwamba babu, baba na mjukuu wa nyumba moja wanaweza kuwa wamepita katika mifumo mitatu.

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, kuanzia 1957, ulijaribiwa mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na mpango huo ukaenezwa katika miaka ya 1960. Tume ya Ominde ya 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu mwanzo, ingawa ilitambua thamani ya Kiswahili kama somo. Kamati ya Gachathi ya 1976 iligeuza mwelekeo: ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya kwanza, na Kiingereza, kikiwa kimekwisha kufundishwa kama somo, kiwe lugha ya kufundishia kuanzia darasa la nne. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Katiba ya 2010 ilitamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Vilevile iliipa serikali wajibu wa kukuza na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeendelea kuitaka lugha ya eneo la shule katika madarasa ya chini. Kundi la kwanza la mtaala huo liliingia Gredi ya 10, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari pevu, Januari 2026.

Jambo moja halikubadilika katika mageuzi yote hayo. Kuanzia madarasa ya kati ya shule ya msingi hadi chuo kikuu, masomo yote isipokuwa lugha nyingine hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Sera imeshughulika sana na swali la lini mtoto aanze kutumia Kiingereza. Imeshughulika kidogo na swali la nini kifanyike ikiwa amefika shule ya upili naye hajakipata cha kutosha.

Lugha ya Mazungumzo na Lugha ya Masomo

Mzazi anaweza kuuliza swali la haki: "Mtoto wangu nimemsikia akisema Kiingereza na wenzake barabarani. Mbona mnasema hakijui?" Mwalimu akijibu kwamba mtoto hajui Kiingereza, atakuwa amekosea, na mzazi atakuwa na sababu ya kutomwamini tena.

Jibu limo katika tofauti iliyobainishwa na Jim Cummins wa Kanada mwaka 1979, kati ya lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya masomo. Lugha ya mazungumzo husaidiwa na uso, mkono, mahali na mambo ambayo wazungumzaji wote wawili wanayajua. Lugha ya masomo haina msaada huo. Maana yote imo ndani ya maneno na mpango wa sentensi. Katika uchunguzi wake wa 1981 juu ya watoto wahamiaji mjini Toronto, Cummins alionyesha kwamba lugha ya mazungumzo hupatikana kwa kiasi cha miaka miwili, hali lugha ya masomo huhitaji miaka mitano hadi saba ili mtoto awafikie wenzake. Watoto wale walizungukwa na Kiingereza kutwa kucha. Wa Mwanda hakizungukwi hivyo. Kwa hiyo hakuna sababu ya kudhani kwamba muda wake utakuwa mfupi zaidi.

Tofauti hii mzazi anaijua tayari kutoka katika lugha yake mwenyewe, na hapo ndipo pa kuanzia. Kijana anayepiga soga vizuri kwa Kidawida si lazima aweze kusimama mbele ya wazee na kusema maneno ya posa au ya kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Maneno ni ya lugha ileile, lakini matumizi yake yana adabu na mpango unaofundishwa na kuzoewa. Lugha ya kitabu cha biolojia iko hivyo. Mzazi akielezwa kwa mfano huo, huona kwamba mtoto hakupungukiwa na akili. Amefika katika baraza ambalo usemi wake hajazoezwa.

Matatizo Yenyewe

Usaidizi hauwezi kuelezwa bila kutaja unasaidia nini. Matatizo yafuatayo yanatokana na tofauti kati ya Kiingereza kwa upande mmoja, na Kidawida na Kiswahili, ambazo zote ni lugha za Kibantu, kwa upande mwingine.

Kwanza ni nafsi ya tatu. Katika lugha za Kibantu mwanamume na mwanamke huwakilishwa na kiambishi kimoja. Katika Kiswahili, "amefika" hakisemi kama aliyefika ni baba au mama. Kiingereza hulazimisha uchaguzi kati ya "he" na "she" kila mara. Mwanafunzi anayechanganya maneno hayo si kwamba hajui kutofautisha mume na mke; anatafuta katika sarufi yake mahali pa tofauti hiyo, na mahali hapo hapapo.

Pili ni vibainishi "a" na "the", ambavyo havina vilingani vya moja kwa moja. Kiswahili hutumia mpangilio wa maneno, vionyeshi, au kiambishi cha yambwa katika kitenzi: "nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu" huleta tofauti ambayo Mwingereza huileta kwa kibainishi. Mwalimu anayeijua tofauti hii ya Kiswahili anayo njia ya kuifundisha ile ya Kiingereza.

Tatu ni jibu la swali la kukanusha. Mtu akiulizwa kwa Kiswahili, "Hukuja jana?", naye hakuja, hujibu "Ndiyo", maana yake, "Ndiyo, ni kweli ulivyosema." Kiingereza hudai "No". Mwanafunzi aliyejibu "Yes" kwa mwalimu wake anaweza kuonekana mwongo au mjeuri, kumbe ametafsiri adabu ya lugha moja katika lugha nyingine.

Nne ni kitenzi. Kitenzi cha Kibantu hubeba ndani yake mambo mengi kwa viambishi: "waliandikiana" ni neno moja ambalo Kiingereza hulitenganisha katika maneno manne au matano. Mwanafunzi anayeandika Kiingereza huacha baadhi ya maneno hayo madogo kwa kuwa hayana uzito katika hesabu yake ya maana.

Tano, na pengine zito kuliko yote, ni maneno ya kuamuru katika mitihani. Swali la sayansi au jiografia laweza kumtaka mtahiniwa ataje, aeleze, afafanue, alinganishe au atoe sababu. Kila neno la Kiingereza linalotumika hapo lina mipaka yake. Mwanafunzi aliyetakiwa kutoa sababu naye akataja tu, hupoteza alama katika jambo analolijua. Mzazi anaona alama ya biolojia imeshuka na kudhani tatizo ni biolojia.

Sita ni ukimya. Mtoto aliyelelewa vizuri hafundishwi kumkatiza mkubwa wala kumwuliza kwa nini. Darasa la shule ya upili, hasa katika mtaala wa umilisi, humtaka aulize, apinge na atetee hoja. Ukimya wake shuleni ni heshima iliyofika mahali ambapo haitambuliwi, nao hupunguza nafasi zake chache za kukisema Kiingereza.

Uzito wa Jambo

Yafaa mzazi aelezwe wazi kitu kilicho hatarini. Katika mtihani wa KCSE wa mfumo wa 8-4-4, ambao umepangwa kumalizika 2027, Kiingereza, Kiswahili na hisabati ni masomo ya lazima. Kiingereza kina karatasi tatu: ya kwanza ya matumizi ya lugha pamoja na stadi za kusema, alama 60, ya pili ya ufahamu, fasihi na sarufi, alama 80, na ya tatu ya utunzi na insha za vitabu teule, alama 60. Katika sekondari pevu pia Kiingereza ni somo la lazima kwa kila mkondo, uwe wa sayansi, wa sayansi za jamii au wa sanaa na michezo. Zaidi ya hayo, ndiyo lugha ambayo kwayo karibu masomo mengine yote hutahiniwa. Mwanafunzi aliye dhaifu wa Kiingereza hutahiniwa lugha hiyo katika kila karatasi, hata ile isiyotaja jina lake.

Kwa upande wa pili, mzazi asifanywe aone kwamba Kiswahili hakina faida. Sheria ya 2012 iliyounda upya Chuo cha Mafunzo ya Sheria ya Kenya, ilipoweka masharti ya kuingia kwa alama za KCSE, ilitaja gredi ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Neno "au" hapo lina thamani kubwa kwa mtoto wa mlimani.

Nchi Nyingine

Tatizo hili si la Mwanda peke yake. Nchini Tanzania mwanafunzi husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili na kuhamia Kiingereza katika kidato cha kwanza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd walichunguza hali ya Kiingereza katika shule za nchi hiyo na kuonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Jibu lilikuwa kuongeza juhudi za kufundisha Kiingereza, wala si kubadili lugha.

Nchini Marekani jambo hili lilifika mahakamani. Katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyoamuliwa mwaka 1974, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliona kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza vitabu vilevile na walimu walewale si kumpa elimu sawa. Walalamikaji walikuwa wanafunzi wenye asili ya Kichina wa San Francisco. Tangu hapo shule za nchi hiyo zimekuwa na utaratibu: mzazi huulizwa lugha ya nyumbani, mtoto hupimwa, mzazi huarifiwa kwa lugha anayoielewa kadiri iwezekanavyo, maendeleo hupimwa kila mwaka, na mtoto hutolewa katika mpango akishakuwa tayari. Familia za Waswahili na za Wakongo wasemao Kiswahili zilizohamia huko huupitia utaratibu huo.

Kuna tofauti moja ya msingi. Marekani, mwanafunzi anayejifunza Kiingereza ni mmoja kati ya wengi wanaokijua tangu utotoni; kwa hiyo huonekana, hupewa jina na hupangiwa msaada. Katika Mwanda wanafunzi wote wanajifunza Kiingereza. Kwa hiyo hakuna anayeonekana. Hali iliyo ya wote hudhaniwa kuwa si tatizo, na anayebaki nyuma hudhaniwa kuwa na kasoro yake binafsi. Shule ya Kenya haihitaji kuiga majina na fomu za Marekani. Inaweza hata hivyo kuchukua mambo matatu: kupima mapema, kumwarifu mzazi kwa lugha anayoielewa, na kutaja mwisho wa msaada.

Istilahi ya Kutumia

Mtu akitafuta neno la tatu litakalokaa mahali pa "rimidio" na "tuisheni", yampasa aangalie maana zinazoambatana nalo. "Msaada" peke yake humkumbusha mzazi chakula cha njaa. "Masomo ya ziada" hukumbusha malipo. "Usaidizi wa lugha" ni afadhali, kwa sababu hutaja kinachosaidiwa, nacho ni lugha, si akili ya mtoto.

Lakini istilahi pekee haitoshi bila mfano. Walio milimani wanalima migomba. Mgomba uliobeba mkungu mzito hutiwa mti wa kuuegemeza. Hakuna mkulima anayesema kwamba mgomba ulioegemezwa ni mbovu. Unaegemezwa kwa sababu umebeba. Mkungu ukishakatwa, mti huondolewa. Maelezo hayo yanabeba mambo matatu ambayo mzazi anahitaji kuyajua: kwamba usaidizi hutolewa kwa sababu ya uzito wa mzigo, kwamba ni wa muda, na kwamba haukuzi mgomba badala ya mgomba wenyewe.

Kuhusu lugha ya kikao, yafaa barua iandikwe kwa Kiswahili chepesi, na maelezo ya mdomo yatolewe kwa Kidawida panapokuwa na wazee. Watoto wengine hulelewa na bibi au babu, na mzee huyo ndiye atakayeamua kama mtoto abaki jioni shuleni au arudi kukata majani ya ng'ombe. Mwalimu asiyejua Kidawida hana budi kumwomba mwenyeji amfasirie. Asimtumie mtoto mwenyewe kufasiri habari zake. Mtoto hawezi kuwa shahidi na mshtakiwa katika baraza moja.

Maswali Manne ya Mzazi

Mzazi akija kwenye mkutano, maswali yake yanaweza kukusanywa katika manne, na kila moja linastahili jibu lililo wazi.

Je, mwanangu ni mjinga? La. Amepimwa Kiingereza cha masomo, hakupimwa akili. Shule imwonyeshe mzazi daftari: hapa alijua jambo, hapa lugha ilimzuia. Mzazi asiyesoma Kiingereza anaweza kuonyeshwa hesabu iliyofanywa sawasawa ikiwa kwa tarakimu, na hesabu ileile iliyokosewa ikiwa imeandikwa kwa maneno. Hilo hujionyesha lenyewe.

Je, nitalipa? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo pia inazihusu shule za upili, inakataza wanafunzi kufundishwa tuisheni wakati wa likizo. Usaidizi wa lugha unaofaa ni ule uliomo ndani ya ratiba ya shule: mwalimu wa jiografia kuanza kipindi kwa kueleza maneno magumu matano, mwalimu wa kemia kuruhusu wanafunzi wajadiliane kwa Kiswahili kisha waandike kwa Kiingereza, na nusu saa ya kusoma kimya kila siku. Mambo hayo yanahitaji mpango kuliko fedha. Mzazi akitozwa, ana haki ya kuuliza katika chama cha wazazi, ambacho kila mzazi mwenye mtoto katika shule ya umma ni mwanachama wake.

Je, niache kusema naye Kidawida? Hili ndilo swali lenye hatari kubwa, kwa kuwa mzazi anayempenda mwanawe yuko tayari kuitoa lugha yake sadaka. Jibu ni la, tena la mkazo. Stadi za kusimulia kwa mpango, kulinganisha na kutoa sababu zikishapatikana katika lugha moja, huhamia katika lugha nyingine. Mradi wa Ife nchini Nigeria, ulioanza 1970, ulifundisha watoto kwa Kiyoruba katika miaka yote sita ya shule ya msingi, na watoto hao hawakuzidiwa katika Kiingereza na wenzao. Mzazi wa Mwanda anaweza kumwambia mwanawe jioni, "Nieleze kwa Kidawida mliyofundishwa leo." Mtoto anayeweza kumweleza bibi yake usanisinuru kwa Kidawida ameuelewa, kilichobaki ni kumpa maneno ya Kiingereza. Mzazi anayeacha Kidawida akamsemesha mtoto Kiingereza chake cha kubahatisha humnyima lugha anayoijua vyema bila kumpa nyingine.

Je, ataadhibiwa akisema lugha ya nyumbani? Ipo desturi ya zamani, iliyojulikana katika shule nyingi za Kenya, ya kumvisha shingoni kibao mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama. Wazazi wengine waliivaa aibu hiyo na bado wanaamini kwamba ndiyo iliyowafundisha Kiingereza. Mwalimu awaeleze kwa upole kwamba aibu humfundisha mtoto kunyamaza, wala haimfundishi kusema. Tena sheria ya 2013 inakataza adhabu ya mwili na mateso ya akili kwa mwanafunzi, na ibara ya 44 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutumia lugha aipendayo. Shule inaweza kuweka saa na mahali pa kusema Kiingereza tu, kama vile chama cha mdahalo. Lakini kuweka mahali pa lugha moja si sawa na kuipiga marufuku nyingine.

Wajibu wa Idara za Lugha

Walimu wa shule za upili hawawezi kuachiwa kazi hii peke yao. Mwalimu wa fizikia hakufundishwa kuwa mwalimu wa lugha, na mwalimu wa Kiingereza hana vipindi vya kutosha kufundisha lugha ya masomo yote. Idara za lugha za Kiafrika katika vyuo vikuu zinaweza kusaidia kwa njia zilizo ndani ya uwezo wao. Zinaweza kutayarisha orodha fupi za maneno ya kuamuru yatumikayo katika mitihani, zikiwa na maelezo ya Kiswahili na ya lugha za maeneo ya shule. Zinaweza kuandika sarufi linganishi nyepesi kwa ajili ya walimu, zikianza na lugha ambazo hazina kazi nyingi zilizochapishwa, Kidawida kikiwa mojawapo. Zinaweza pia kufanya kipimo cha lugha cha kidato cha kwanza au cha Gredi ya 10 ambacho kinatenga Kiingereza cha mazungumzo na cha masomo.

Kazi hizo zitainufaisha isimu yenyewe. Lugha za Wataita zimekuwa na sarufi tangu J. A. Wray alipochapisha utangulizi wake mwaka 1894, lakini kazi hiyo ililenga mgeni aliyetaka kujifunza lugha ya wenyeji. Sarufi inayohitajika sasa ni ya kumsaidia mwenyeji avuke kutoka lugha yake kwenda lugha ya shule, na arudi bila kuiacha.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba usaidizi wa Kiingereza katika shule ya upili hufahamika vibaya kwa sababu maneno yanayoueleza yameazimwa kutoka katika kushindwa na kutoka katika malipo. Imeonyeshwa kwamba mwanafunzi wa Mwanda huwa anayo lugha ya mazungumzo hali lugha ya masomo bado, kwamba makosa yake mengi yana sababu katika sarufi na adabu ya lugha zake za Kibantu, na kwamba lugha hizo ni njia ya kumfikisha mbele, si kizuizi. Imependekezwa kwamba mtoto apimwe mapema, mzazi aarifiwe kwa Kiswahili na Kidawida, mwisho wa usaidizi utajwe, na gharama zisitwishwe nyumba.

Mzazi aliyeelewa hawezi kumfundisha mwanawe Kiingereza ambacho hana. Anaweza, hata hivyo, kumpa muda wa kusoma, kumsikiliza akieleza masomo kwa Kidawida, kuhoji panapotozwa fedha, na kukataa mtoto asiaibishwe kwa lugha aliyonyonya. Katika nyumba ya Mwanda mambo hayo manne yanawezekana leo, kabla sera yoyote haijabadilika tena.